Alama ya Damu Usoni mwa Mtoto: Kisu Kina Siku Yake



Kwenye ukurasa huu tumeongea mara nyingi juu ya vumbi, juu ya kofia ya kazi, na juu ya vidole vinavyobaki katika mkanda wa mashine. Leo tutoke shimoni, tuingie nyumbani. Tuongee juu ya alama za damu zinazoonekana usoni mwa mtoto siku anapozaliwa au majuma machache baadaye: doa jekundu au la zambarau shavuni, kinundu chekundu kwenye kope, mdomo uliovimba upande mmoja.

Siku ya kupima watoto kilo, mama mwenye mtoto wa namna hiyo hukaa nyuma ya wengine, na kitambaa juu ya uso wa mtoto. Wengine hawaji kabisa. Huanza kwa mzee wa majani, kisha kwa muuzaji wa pomada katika soko la Mudaka, kisha kwenye maombi ya usiku, na wanapofika kwetu mtoto ana miezi saba. Hapo baba huuliza swali moja tu: "Je, Bukavu wanaweza kukata?"

Swali ni zuri, lakini limeruka maswali mengine mawili. La kwanza: hii ni alama ya namna gani? La pili: mtoto ana umri gani? Kisu cha daktari kina kazi yake katika ugonjwa huu, na kazi hiyo ni kubwa. Lakini kina siku yake. Kikija mbele ya siku hiyo kinaweza kuharibu uso ambao ungepona karibu wote bila kukatwa.

ALAMA MBILI ZINAZOFANANA

Ninyi watu wa shimo mnajua mabomba. Maji hutoka kwa pompi, hupita katika bomba kubwa, hugawanyika katika mabomba madogo, kisha hurudi. Damu ni vivyo hivyo. Moyo ndio pompi, na chini ya ngozi kuna mishipa myembamba kuliko unywele. Alama tunazoongea juu yake zote ni shida ya mishipa, lakini shida yenyewe si moja.

Kwa miaka mingi hata madaktari walizichanganya. Waliita vitu viwili kwa jina moja, na dawa ya kimoja wakampa mwenye kingine. Mwaka 1982 Mulliken na Glowacki, wa Boston huko Marekani, walitazama ngozi za namna hiyo kwa darubini wakaonyesha kwamba kuna kundi ambamo mishipa inazaliana na kuongezeka, na kundi jingine ambamo mishipa haizaliani, ila imeumbwa vibaya tangu tumboni. Mgawanyo huo ndio unaofuatwa hata leo.

Kundi la kwanza linaitwa hemanjioma. Mtoto huzaliwa uso safi, au na kidoa hafifu kama mkwaruzo. Baada ya majuma machache kidoa kinakuwa chekundu, kinainuka, kinavimba. Ni kama watu waliosikia habari ya dhahabu mlimani. Wanakuja wengi kwa haraka, wanachimba kila upande, shimo juu ya shimo. Kisha siku moja dhahabu imekwisha, wanaondoka mmoja mmoja, na kilima kinabaki na mashimo yake. Hemanjioma hukimbia zaidi kati ya juma la tano na la saba. Mtoto akifika miezi mitatu, kwa kawaida imekwisha kupata kama sehemu nane kwa kumi za ukubwa wake wote. Kwa wengi inasimama karibu na mwezi wa tano. Halafu inaanza kupauka na kunywea, polepole sana, na mtoto akiwa na miaka minne mara nyingi imenywea kadiri itakavyonywea. Inapatikana zaidi kwa wasichana na kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Kundi la pili lina namna nyingi, na inayojulikana zaidi ni doa la mvinyo. Hili mtoto huzaliwa nalo. Ni bapa, halikimbii, wala halipotei; linakua pamoja na uso kama mchoro kwenye puto linalojazwa pepo. Watoto kama 3 kwa kila 1000 wanaozaliwa wanalo. Katika ngozi nyeusi halionekani jekundu kama katika vitabu vya Wazungu. Huwa zambarau iliyokolea, au jeusi kidogo kuliko ngozi ya kandokando, na mama anaweza kudhani ni baka tu. Fungua mdomo wa mtoto utazame ufizi na ndani ya mdomo upande ule ule. Mara nyingi huko rangi ya damu inaonekana wazi. Miaka ikipita, doa hilo huweza kuwa nene, mdomo ukavimba, na vinundu vikaota juu yake.

Ninyi wazee mnamkumbuka Mikhail Gorbachev, aliyeongoza Umoja wa Kisovieti tangu 1985 hadi 1991. Doa kwenye paji lake lilikuwa la namna hiyo. Kuna picha za serikali ya mwanzo ambamo lilifutwa, lakini mwenyewe alisimama mbele ya dunia yote nalo, akafa nalo mwaka 2022 akiwa na miaka 91.

Kuna na namna nyingine mbili za kutajwa. Moja ni uvimbe laini wa bluu, unaojaa mtoto akilia au akiinama, na kunywea akitulia. Huo ni wa mishipa inayorudisha damu. Nyingine ni uvimbe wenye moto, na ukiweka kidole unasikia unapiga kama moyo. Huo ndio mbaya kuliko yote. Asiuguse mtu kwa wembe, wala daktari asiyezoea kazi hiyo. Kuna waliofikiri kwamba ukifunga mshipa mkubwa unaoleta damu, uvimbe utakufa kwa njaa. Sivyo. Damu hutafuta njia nyingine, kama maji yanavyofanya ukiziba mfereji mmoja, na uvimbe hurudi kwa nguvu zaidi.

SI KOSA LA MAMA

Hapa niseme wazi, maana ndoa zinavunjika juu ya jambo hili. Alama haikuja kwa sababu mama alijikuna akitamani nyama. Haikuja kwa sababu aliona moto, au alikula tunda fulani, au alipita njia fulani usiku. Si laana ya ukoo wa mke. Si deni la jirani.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza chanzo cha doa la mvinyo. Ni badiliko dogo katika jeni moja inayoitwa GNAQ, lililotokea katika chembe moja ya mtoto wakati alipokuwa akiumbwa tumboni. Badiliko hilo halikutoka kwa baba wala kwa mama. Mwandishi anayenakili ukurasa mrefu kwa mkono hukosea herufi moja, basi. Baba anayemrudisha mke kwao juu ya doa hilo anamwadhibu mtu asiye na kesi, na anampotezea mtoto majuma ambayo hayatarudi.

MAJUMA YA MWANZO NDIYO KAZI YENYEWE

Hemanjioma nyingi ni ndogo, na hazihitaji kitu isipokuwa macho ya mama na uvumilivu. Za usoni ni jambo jingine. Hizi mlete mtoto, msingoje siku ya kilo, maana mtoto mwenye hemanjioma ya hatari anapaswa kuonwa na mtaalamu akiwa na umri wa karibu mwezi mmoja.

Ikiwa kwenye kope na jicho halifunguki vizuri, hatari si kope. Jicho la mtoto mchanga linajifunza kuona kwa kutazama, na ubongo usipopata picha kutoka jicho hilo unalisahau, hata jicho lenyewe likiwa zima. Majuma machache yanatosha kuleta hasara. Ikiwa imetanda kidevuni na kwenye taya, mahali ambapo ndevu huota, sikiliza pumzi ya mtoto. Akipumua kwa sauti ya mkwaruzo, au akilia kwa sauti ya kukauka, huenda kuna hemanjioma nyingine ndani ya koo, nayo inaweza kuziba hewa; huyo apelekwe siku ile ile, hata usiku. Ikiwa mdomoni, hupasuka ikawa kidonda, mtoto akakataa ziwa kwa maumivu. Ikiwa kwenye ncha ya pua, huharibu umbo la pua. Na mtoto mwenye vinundu vya namna hiyo vitano au zaidi mwilini, vidogo hata kama punje, anahitaji kutazamwa ini kwa mashine ya picha.

Kwa doa la mvinyo kuna jambo moja la kutokusahau. Likifunika paji la uso na kope ya juu, linaweza kuwa na ndugu yake ndani, juu ya ubongo na katika jicho. Mtoto huyo anaweza kupata kifafa, au mkazo wa maji ndani ya jicho unaoua uwezo wa kuona bila maumivu ya kumshtua mama. Kwa hiyo hapimwi uso tu. Atazamwe na daktari wa macho, na mzazi aelezwe namna degedege inavyoanza, mkono au mguu wa upande mmoja ukirukaruka peke yake.

Damu ikitoka kwenye alama, msikimbilie majivu wala kahawa wala mafuta ya breki. Chukueni kitambaa safi, mkandamize kwa kidole dakika kumi kwa saa, bila kufunua-funua kutazama. Mara nyingi damu inasimama. Isiposimama, endeleeni kukandamiza huku mnakuja.

DAWA ILIYOPATIKANA KWA BAHATI

Zamani watoto wenye hemanjioma kubwa walipewa dawa kali za kotizoni kwa miezi. Wengi walivimba uso, wakaacha kukua vizuri. Kisha huko Bordeaux, Ufaransa, Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa na mtoto mwenye hemanjioma puani ambaye moyo wake ulianza kunenepa kwa sababu ya kotizoni hiyo. Wakampa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na ya tansio. Walitaka kutibu moyo. Kesho yake wakaona uvimbe wa pua umelainika na rangi yake imebadilika. Walitangaza habari hiyo mwaka 2008, na matibabu ya ugonjwa huu yakageuka duniani kote. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2015, watoto 60 kwa 100 waliopata dawa hiyo kwa miezi sita, kwa kipimo kilichofanya kazi vizuri zaidi, hemanjioma yao ilikwisha au karibu kwisha. Kwa wale waliopewa maji yasiyo na dawa, ni 4 kwa 100.

Mnaona sasa kwa nini ninalilia majuma. Dawa hii hufanya kazi yake nzuri zaidi wakati hemanjioma bado inakimbia. Ukimpa mtoto wa miezi miwili, unawafukuza wachimbaji kabla hawajamaliza kutoboa kilima. Ukingoja mwaka, kilima kimekwisha kutobolewa, na kitu kinachobaki ni kazi ya kisu.

Lakini sikieni vizuri: ni dawa ya moyo. Inapunguza mapigo, inaweza kushusha sukari ya damu, inaweza kubana pumzi ya mtoto mwenye pumu. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, na uzito ukibadilika kipimo kinabadilika. Hupewa mtoto aliyenyonya au aliyekula. Mtoto akitapika, akihara, au akikataa ziwa, dawa husimama mpaka ale tena, kwa maana sukari yake inaweza kuanguka na akazimia. Mwenye hemanjioma iliyotanda sehemu kubwa ya uso huchunguzwa kwanza moyo na mishipa ya kichwa. Kwa hiyo asivunje mtu kidonge cha tansio cha bibi kwa kisu cha jikoni akakikoroga katika maziwa. Kuna pia matone ya macho yanayoitwa timololi, ambayo daktari huweza kuagiza yapakwe juu ya hemanjioma ndogo na bapa.

Dawa hizi hazifanyi kitu juu ya doa la mvinyo. Hilo hutibiwa kwa lazeri, yaani mwanga mmoja wenye nguvu unaopita katika ngozi na kuchoma mishipa yenyewe. Si mara moja. Ni mara nyingi, na mara nyingi doa hupauka bila kufutika lote. Si mashine ya kukuta katika hospitali ya zone. Na katika ngozi yetu nyeusi rangi ya ngozi yenyewe hunyonya sehemu ya mwanga huo, basi daktari asiyeangalia anaweza kuondoa zambarau na kuacha weupe, au kovu. Mwulizeni anayetaka kumfanyia mtoto wenu kama amekwisha kuwatibu watu weusi. Ni swali la adabu kabisa. Ule uvimbe wa bluu hutibiwa mara nyingi kwa sindano ya kukausha mishipa, kama bleomisini, mikononi mwa mtaalamu.

Pomada za kung'arisha, ule mkorogo wa sokoni, hazifiki kwenye mishipa hata kidogo. Zinachubua ngozi ya juu tu, na nyingine zina zebaki. Unalipa franga ili ubaki na doa lako lile lile juu ya ngozi iliyoharibika.

SASA KISU

Tumefika kwenye swali la baba. Upasuaji wa kurekebisha sura unaingia wapi?

Mara chache unaingia mapema: kinundu kinachofunga jicho na dawa imeshindwa, kidonda kisichoacha kutoa damu, au hemanjioma yenye shina jembamba ambayo itaacha ngozi inayoning'inia kwa vyovyote. Kwa wengine kisu hungoja. Zaidi ya nusu ya hemanjioma zisizotibiwa huacha kitu nyuma: ngozi iliyolegea, mafuta chini ya ngozi, mdomo usiolingana, pua yenye ncha pana. Hapo daktari wa upasuaji huchagua wakati, mara nyingi kati ya miaka mitatu na mitano. Sababu ni mbili. Kwanza, mishipa imekwisha kupungua, damu itakayopotea ni kidogo, na hakati kitu ambacho kingeondoka chenyewe. Pili, mtoto bado hajakaa kwenye benchi la shule. Watoto huanza kujijua uso wao karibu na umri huo, na wenzao hawana huruma.

Kazi yenyewe ni ya subira. Daktari huficha mshono katika mikunjo ya asili, kando ya pua, kwenye mpaka wa mdomo, ili kovu lilale mahali ambapo macho hayalitafuti. Kinundu cha mviringo huweza kuondolewa na tundu lake likafungwa kama mdomo wa mfuko wenye kamba, ukivuta uzi tundu linajikusanya. Kovu linakuwa dogo kuliko kukata mstari mrefu. Alama kubwa huondolewa kwa awamu, kipande leo na kipande baada ya miezi, ngozi ya kandokando ikipewa muda wa kuvutika. Mtu mzima mwenye doa la mvinyo lililonenepesha mdomo, hupunguzwa mdomo na kuondolewa vinundu, hata kama rangi itabaki. Nimewasikia wengine wakisema, basi ni kazi gani kama rangi inabaki? Mtu aliyekuwa hawezi kufunga midomo yake akila fufu, na sasa anaifunga, ataelewa ni kazi gani.

Kabla ya kukubali, waambieni madaktari mambo mawili. Moja, kama katika jamaa kuna watu ambao makovu yao huvimba na kukua kupita kidonda. Kwetu watu weusi jambo hilo si haba, na daktari lazima alijue kabla hajashika kisu. La pili, mwulize damu ya akiba, maana uso una damu nyingi. Ndugu wenye afya wajitayarishe kutoa.

Na kisu kisicho cha daktari? Mtoto mmoja wa kambi aliletwa kwetu akiwa na hemanjioma ndogo ya mdomo wa juu, ndogo kuliko harage, ambayo mtu aliipaka maji ya betri ili "kuikausha". Ilikauka kweli, pamoja na mdomo. Kovu lilivuta mdomo juu hadi puani, maziwa yakawa yanamwagika kando. Hemanjioma ile ingeweza kunywea yenyewe. Kovu lile halitanywea. Mtoto huyo sasa anahitaji upasuaji mara mbili au tatu kwa kitu ambacho huenda kisingehitaji hata mmoja. Nasema hivyo bila kumlaumu mama yake. Alifuata shauri la watu aliowaheshimu.

"HIYO NI UREMBO TU"

Tuongee juu ya karatasi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaanguka. Watu wakisikia upasuaji wa sura wanafikiri wanawake matajiri wa ng'ambo wanaotaka pua nyembamba. Asili ya kazi hii si hiyo. Wakati wa vita ya 1939 hadi 1945, Archibald McIndoe alitengeneza upya nyuso na mikono ya marubani walioungua, katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Mwanafunzi wake mmoja, Michael Wood, alikuja Afrika ya Mashariki, na mwaka 1957 wao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees walianzisha kazi ya madaktari wa ndege inayojulikana leo kwa jina la AMREF. Watatu hao wote walikuwa wapasuaji wa sura. Waliona watu wenye midomo iliyopasuka, wenye makovu ya moto, wenye nyuso zilizoliwa na fisi, wakiishi mbali na kila hospitali. Leo huko Kisubi, Uganda, kati ya Kampala na Entebbe, kuna hospitali ya CoRSU iliyofunguliwa mwaka 2009, ambayo upasuaji wa namna hiyo ni moja ya kazi zake kubwa. Kwa magonjwa ya ngozi, huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC ina chuo kilichofunguliwa mwaka 1992 ambacho kinafundisha hata wasaidizi wa madaktari kama mimi, watoke nchi mbalimbali za Afrika.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na jamaa yake, na matibabu ya upasuaji yamo. Lakini karatasi ikifika ofisini imeandikwa neno moja tu, "urembo", msishangae ikirudi na mstari mwekundu. Mwombeni daktari aandike kitu alama inachomzuia mtoto: jicho halifunguki, damu inatoka mara kwa mara, mdomo haufungi, chakula kinamwagika. Huo si ujanja, ni ugonjwa wenyewe ulivyo. Na kama alama haizuii kitu isipokuwa kutazamwa na watu bila kuogopwa? Mimi nasema hata hiyo ni matibabu. Mkono tunautengeneza ili mtu arudi kazini. Uso ndio mtu anaoingia nao shule, kazi na ndoa. Ofisi ina haki ya kuniambia vinginevyo. Mimi nitaendelea kuandika hivyo katika barua zangu.

Ninyi wafanyakazi wenyewe wenye doa la mvinyo usoni, msifikiri ukurasa huu ni wa watoto tu. Kamba ya kofia ikisugua kinundu kila siku, kitatoa damu. Barakoa ya vumbi pia. Tuonyeshe, tutaweka kitambaa laini au kubadilisha kamba, na kinundu kinaweza kuondolewa. Nyoa ndevu polepole upande huo. Kwa daktari wa meno mwambie mapema juu ya doa, kabla hajang'oa jino, kwa sababu ufizi wa upande ule hutoa damu nyingi.

Kwa mtoto, njia ni hii. Kwanza dispansere yetu. Hapa tutatazama, tutapima, na alama ikiwa ya usoni na inakua, tutaandika barua ya kwenda Katana, hospitali ya FOMULAC, au Bukavu, kwenye Hospitali Kuu ya Mkoa au Panzi, ili daktari wa watoto na wa upasuaji wamtazame pamoja. Njia za siku hizi mnazijua. Ndiyo sababu ni afadhali kuanza safari mtoto akiwa na mwezi mmoja kuliko kuanza akiwa na kumi.

Na mkiwa mnangoja, fanyeni kazi moja ya bure. Kila Jumapili mpige picha ya alama kwa simu, mchana, nje ya nyumba, mahali pale pale. Kando yake shikeni kifuniko cha chupa ya Primus, ili tujue ukubwa. Mkija, mje na kadi ya mtoto, karatasi za dawa zote alizopewa, hata za majani, na simu yenye picha hizo.